Engaruka na Lengai: mawe, magadi na maji

IJUMAA

Gari lilikuwa liondoke Kilombero, hapa Arusha, saa kumi na moja alfajiri. Liliondoka saa moja kasorobo, kwa kuwa Mama Mchungaji alisahau vidonge vyake vya presha nyumbani na hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kumwambia aende bila vidonge. Dereva hakunung'unika. Alizima injini, akanunua chai ya rangi na chapati kwa mama mmoja pale pembeni, akasema, "Jamani, mlima haukimbii."

Sisi ni kikundi cha kufa na kuzikana. Fedha za msiba haziguswi, kwa hiyo hii safari tuliichangia pembeni, kidogo kidogo, mpaka tukapata gari la watalii lenye paa la kuinuka, kwa bei ya wenyeji, pamoja na dereva ambaye ndiye muongozaji. Wazo lilitoka kwa Mwalimu, anayefundisha historia sekondari. Alisema ni aibu kuishi Arusha miaka yote hii, tunawapikia wageni, tunawaoshea magari, tunawauzia vinyago, halafu Engaruka yenyewe, magofu ya mawe ya watu wa kale, tunaisoma vitabuni tu. Kwamba kikundi cha kuzikana kinakwenda pia kupanda Lengai, volkano iliyo hai, hilo mtaani walilicheka wiki nzima.

Mimi ni fundi wa maji. Nilianza na mabomba ya majumbani, siku hizi nafanya zaidi mifereji ya umwagiliaji upande wa Meru. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwa nini huko mbele nitang'ang'ania mitaro wakati wenzangu wanapiga picha.

Kisongo, Meserani, Nanja, Makuyuni. Njia hii kila mtu wa Arusha anaijua, haina la kuandika. Makuyuni tukakata kulia, na kabla ya kufika Mto wa Mbu dereva akaanza kutusimulia wageni wake. Waitaliano, alisema, ukiwapeleka Engaruka wana swali moja. Wakiona magofu, wakisikia kwamba mbele kuna volkano, wanauliza: "Mlima ndio ulioua mji?"

Mwalimu akageuka kwenye kiti cha mbele, furaha imemjaa. Wanauliza hivyo, akasema, kwa sababu kwao ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka, ukaumwagia mji wa Pompeii mawe mepesi na majivu kwa saa nyingi, kisha likaja wimbi la gesi na majivu ya moto likawamaliza waliobaki. Mji wote ukafukiwa. Ulikaa chini ya ardhi hadi uchimbaji ulipoanza mwaka 1748, na mpaka leo ukienda Italia unaweza kuyatembelea magofu asubuhi na kupanda mlima mchana, siku hiyo hiyo, na muongozaji wako. Vesuvius wenyewe umetulia tangu 1944, lakini haujafa.

"Kwa hiyo na wetu je?" akauliza Shemeji, mume wa katibu wetu, mtu wa Marangu. "Mlima wetu uliua mji?"

Dereva akacheka. "Ngoja mfike."

Mto wa Mbu tulinunua ndizi nyekundu, maji ya kutosha na tikiti. Kuanzia hapo njia inaelekea kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako muda wote, na vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa. Tulipita Selela. Katibu alijifunga kanga usoni, akabaki macho tu.

Engaruka Juu ni kijiji chenye kijani kisichotarajiwa. Unatoka kwenye nchi kavu, miiba na mbuzi, ghafla kuna migomba, mahindi, mfereji unakatiza barabara na watoto wamo ndani yake. Tulilipa ushuru, tukapewa kijana wa Kimaasai atutembeze. Wazee walikuwa wamekaa kivulini. Mama Mchungaji, ambaye alikulia Monduli, aliwasalimu kwa Kimaasai na wakamjibu kwa uchangamfu ambao sisi wengine hatukuupata.

Sasa magofu. Niseme mapema kwamba anayetarajia nguzo na majumba atavunjika moyo. Ni mawe. Mawe yasiyounganishwa kwa udongo wala saruji, yamepangwa kwa mkono, yamelala kwenye mteremko na kwenye uwanda chini yake, mpaka macho yanachoka. Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883, aliyafananisha na kuta za ngome za kale zilizoporomoka. Mwaka 1935 mwanaakiolojia Louis Leakey alikuja kupima, akakadiria kwamba palikuwa na watu zaidi ya 30,000. Waliomfuata waliipunguza sana hesabu hiyo, wakasema ni maelfu machache tu. Mimi naona waliopunguza wana haki. Ukihesabu nyumba zote kama zilikaliwa kwa wakati mmoja, hata mtaa wetu utaonekana jiji.

Kijana alituonyesha kwanza vijiji. Viko saba, vyote mtelemkoni, chini ya ukuta wa bonde. Kila nyumba ilikatiwa kiwanja chake kwenye mteremko, mbele kimezuiwa kwa ukuta wa mawe, nyuma kimechimbwa ndani ya kilima, na vijia vinapita kutoka kiwanja hadi kiwanja. Unasimama kwenye kimoja na kuona paa la jirani lingekuwa usawa wa magoti yako. Katibu aliuliza vyoo vilikuwa wapi. Kijana akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Lakini mambo yako chini, kwenye mashamba. Hapo ndipo nilipowaacha wenzangu.

Watu hawa waliishi hapa kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18, na mvua ya hapa haitoshi kulima. Kwa hiyo walikinga vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, pale pale vinapotoka kwenye korongo, wakaviingiza kwenye mifereji iliyojengewa mawe, wakavisambaza kwenye uwanda wa kama hekta 2,000. Uwanda wote umegawanywa majaruba kwa mistari ya mawe. Walilima mtama zaidi. Na mawe waliyoyaokota shambani hawakuyatupa ovyo, waliyakusanya marundo yenye kingo zilizojengwa vizuri, mengine makubwa kuliko chumba changu.

Nilichuchumaa kwenye mfereji mmoja. Kuna jambo ambalo kila fundi wa mifereji analijua na ambalo wafadhili huwa hawapendi kulisikia: mteremko ukiwa mkali, maji yanakula kingo na kubeba udongo, ukiwa bapa mno, mchanga unatua na mfereji unaziba. Kazi yote iko katikati ya hayo mawili, na katikati hapo ni pembamba. Mimi nina pima maji, nina darubini ya kupimia ardhi, na bado nimewahi kurudia mifereji. Hawa walikuwa na macho na maji yenyewe. Mfereji ule haukushuka moja kwa moja kufuata mteremko, ulikwenda ubavuni, ukiambaa na kilima, ukipoteza kimo taratibu sana. Nilifikiria kuweka simu juu ya jiwe nisome nyuzi, nikaacha. Mawe yameshasogezwa na mizizi, mbuzi na karne, kipimo kingedanganya. Jicho lilitosha.

Jambo la pili lilinichelewesha zaidi. Watafiti waliokuja miaka ya karibuni wamegundua kwamba sehemu ya mashamba yale haikuwa shamba hapo mwanzo. Ilikuwa mawe na changarawe. Wakulima walizuia maji ya mafuriko kwa kuta za mawe, maji yakapungua kasi, yakaacha tope lake, wakapandisha ukuta, yakaacha tena. Walikuwa wanatengeneza udongo. Ule mchanga ambao mimi nauzoa kwenye mfereji kila msimu nikiulaani, wao waliuandalia mahali pa kukaa na kuupanda mtama.

"Fundi!" Mwalimu aliniita. "Tumekuacha nyuma sana."

Nilipowafikia walikuwa wameanza ubishi ambao haukuisha mpaka Arusha: nani alijenga? Shemeji alidai Wachaga, kwa ushahidi kwamba kwao kila ukoo una mfongo wake unaoleta maji kutoka Kilimanjaro. Mwalimu akasema wanaotajwa zaidi ni Wairaki wa Mbulu, ambao ni hodari wa kulinda udongo mlimani, na Wabatemi, wale tunaowaita Wasonjo, ambao mpaka leo vijiji vyao kule juu Ngorongoro vinaishi kwa mifereji na wazee wao ndio wanaogawa maji. Kijana wetu alisikiliza wote, akasema kwa utulivu kwamba babu yake alimwambia Wamaasai walipofika waliwakuta watu hapa, na kwamba watu hao walikuwa wakulima. Hakuongeza.

"Sawa," Shemeji akasema, "tuseme si Wachaga. Mlima uliwaua?"

Kijana akaonyesha kidole chini. "Majivu yako wapi, mzee?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dereva alicheka. Pompeii walichimba ili kuuona mji. Hapa hujachimba kitu. Kila ukuta uko juu ya ardhi, unaweza kukalia. Hakuna kilichofukiwa, wakati Ol Doinyo Lengai uko kilometa kama 25 tu kutoka tuliposimama, nyuma ya mlima Kerimasi. Watu wa Engaruka waliishi jirani na volkano kwa karne tatu na zaidi na sicho kilichowaondoa, au angalau si kwa namna ile ya Vesuvius.

Basi nini? Wataalamu hawataji sababu moja. Wanataja udongo kuchoka, wanataja wafugaji wapya kuingia uwandani, na wanataja maji. Mimi nitachagua maji, kwa sababu nimeona. Kijana alitupitisha kwenye korongo baada ya korongo, kila moja lina mabaki ya mfereji unaoanzia hapo, na kila moja lilikuwa kavu, kokoto tupu. Vijito vilivyonywesha uwanda ule vingi sasa vinapita mvua ikinyesha tu. Mto Engaruka peke yake ndio unaotiririka mwaka mzima, na kijiji cha leo chote kimejibana kwenye mto huo. Mfereji ukijengwa vizuri namna gani, banio, yaani pale maji yanapokingwa, likikauka ni mawe tu yaliyopangwa.

Mwalimu hakukubali kirahisi. Aliniambia fundi wa maji kila akionacho ni maji. Inawezekana. Lakini yeye pia ni mwalimu wa historia, na kila akionacho ni Wajerumani.

Tuliondoka Engaruka jua likiwa limepinda. Njia ya kwenda kijiji cha Engare Sero ni ya mawe na mchanga wa volkano, gari linatikisika mpaka meno yanagongana. Kerimasi ukapita kushoto, mkubwa, mtulivu, umezimika zamani. Baada yake ndipo Lengai ukajitokeza wote kwa pamoja, pembe tatu kali iliyosimama peke yake, na mifereji mirefu ya mmomonyoko kutoka juu hadi chini. Juu kulikuwa na weupe. Katibu akasema theluji. Si theluji, tutafika huko.

Kambi, ugali, kunde, usingizi.

JUMAMOSI

Asubuhi tulikwenda kuona nyayo. Kusini mwa Ziwa Natron, jirani na kijiji cha Engare Sero, kuna sakafu ya majivu yaliyoganda yenye nyayo zaidi ya 400 za binadamu. Majivu hayo asili yake ni Lengai: yalisombwa na maji kutoka mlimani, yakatandazwa hapa yakiwa tope, watu wakapita, tope likakauka likawa jiwe. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100, yaani ni watu kama sisi kabisa, si kama wale walioacha nyayo Laetoli miaka milioni 3.6 iliyopita. Wenyeji walikuwa wanajua mahali hapa kabla ya wanasayansi kufika, na hili dereva alilisema mara mbili ili tulishike.

Kilichonivutia ni kundi moja. Watafiti walifuatilia nyayo za watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea kusini magharibi, na kwa kupima urefu wa nyayo wakakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake watu wazima. Kuna wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Wakadhani labda walikuwa wanatoka kuchuma chakula. Akina mama wa kikundi chetu walisimama pale kwenye kingo muda mrefu. "Wanawake 14 na wanaume wawili," akasema Katibu. "Hicho ni kikao cha vikoba."

Ukitazama nyayo zile unaona kidole gumba kilivyodidimia. Mtu mmoja alikuwa anakimbia. Sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba picha zote nilizopiga hazikutoka vizuri, kwa kuwa jua lilikuwa juu na hakuna kivuli ndani ya unyayo. Anayetaka picha aende mapema kuliko sisi.

Ziwa Natron lina kina kisichofika mita tatu, na hata ukingo wake ni mgumu kuujua, maana maji, tope na magadi vinaingiliana. Hapa ndipo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia, karibu wote. Sababu ni kwamba hakuna fisi wala mbweha anayeweza kuvuka tope lile la magadi kufuata mayai. Tuliwaona kwa mbali, mstari wa waridi. Mama Mchungaji alionja maji kwa ncha ya ulimi akatema. "Hii ningetia kwenye maharage," akasema.

Hakukosea. Magadi ya ziwa hili na mlima ule vina undugu. Volkano nyingine duniani hutoa lava yenye silika nyingi, nzito, yenye joto linaloweza kupita nyuzi 1,000. Lengai ndio volkano pekee iliyo hai inayotoa lava ya kabonati, iliyojaa sodiamu na potasiamu, yaani magadi yaliyoyeyuka. Mtaalamu wa miamba J. Barry Dawson ndiye aliyelitambua hilo baada ya kuingia kwenye kasoko, yaani shimo la kileleni, mwaka 1960. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, ndogo kuliko lava yoyote nyingine, kiasi kwamba mchana haiwaki wekundu, inaonekana nyeusi na kutiririka kama oili chafu ya gari. Ikipoa na kupata unyevu wa hewa inageuka nyeupe, mara nyingine ndani ya siku moja. Huo ndio weupe tuliouita theluji.

Maporomoko ya Engare Sero tuliyafikia mchana. Maji baridi, tuliogelea, basi.

Alasiri akaja kiongozi wa mlima, mwanamume wa makamo, shuka na fimbo, viatu vya matairi. Alitukalisha chini akatueleza bila kupamba. Mlima huu hauna kibanda, hauna maji, hauna kivuli, ndiyo maana unapandwa usiku. Asiyejiamini magoti abaki. Kisha akatueleza mwaka 2007. Julai ile ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, na tetemeko kubwa la tarehe 17 lilisikika mpaka Arusha na Nairobi. Nalikumbuka: vyombo vilidondoka kabatini, watu wa Kijenge wakalala nje. Sisi mjini tukasahau. Huku, Septemba, mlima ukafunguka. Majivu yakarushwa juu kilometa nyingi, na kwa miezi, mpaka mwaka uliofuata, ukawa unalipuka na kupumzika. Malisho yakafunikwa, maji yakaharibika, mifugo ikafa, familia zikahama na nyingine zikarudi. Kilele kilichokuwa kimejaa lava mpaka mdomoni kikabaki shimo.

"Baba," Shemeji akamuuliza, "na sasa?"

"Sasa unapumua," akajibu.

Kwa Wamaasai Ol Doinyo Lengai ni Mlima wa Mungu. Wanakwenda kuomba mvua pale, na wanawake wasiojaliwa watoto wanakwenda kuomba watoto. Tulimtazama Mama Mchungaji tukidhani atakuwa na neno. Alikuwa nalo. Alisema Musa naye alipandishwa mlima unaotoa moshi, na kwamba yeye atabaki chini na vidonge vyake akituombea. Kiongozi akatikisa kichwa kukubali kwa heshima zote.

JUMAPILI

Tuliamshwa saa nne usiku wa Jumamosi, chai na biskuti, gari mpaka njia inapokwisha. Kupanda kulianza muda mfupi kabla ya saa sita. Waliobaki kambini ni nusu ya kikundi, nusu yenye akili.

Mwanzo ni majani marefu na njia laini, unadhani umetishwa bure. Kisha majani yanakwisha na unaanza kukanyaga majivu yaliyoganda, yenye ukoko juu na unga chini. Hatua mbili mbele, moja unarudishwa. Fimbo haikusaidia sana, ilizama. Usiku ule haukuwa na mwezi, na taa za kichwani zinakuonyesha visigino vya aliye mbele tu, jambo ambalo sasa naona ni huruma. Tulipoteremka mchana niliona tulikopita, nikashukuru giza.

Ziwa liko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari na kilele kina mita 2,962. Njia haizunguki. Sehemu za juu mteremko unafika nusu ya pembe mraba, unapanda kwa mikono na miguu ndani ya mitaro iliyokatwa na mvua kwenye majivu. Hapo ndipo kazi yangu ilipofika mpaka mlimani. Mitaro ile imechimbwa na maji yanayoshuka moja kwa moja bila mtu wa kuyaongoza, na majivu laini hayana jinsi ya kuyakatalia. Kila mvua moja inabeba mlima kidogo kwenda uwandani. Nyayo tulizoona jana zimehifadhiwa na safari ya namna hiyo hiyo. Tope lile lile ambalo Engaruka walilikinga kwa kuta, huku linakwenda linakotaka.

Mwalimu alikuwa anahema lakini hakunyamaza. Aliniuliza kati ya pumzi na pumzi kama nimekwishaona Wajerumani. Nilimjibu nimeona maji.

Shemeji alikaa chini mara tatu akitangaza kwamba hapa ndipo atakapozikwa na kikundi kijiandae. Mweka hazina, aliyekuwa nyuma yake, akamkumbusha kwamba ana deni la michango ya miezi miwili, kwa hiyo hana sifa ya kuzikwa. Akainuka.

Karibu na juu harufu ya kiberiti ilitupokea. Ardhi ilikuwa ya vuguvugu. Nilivua glovu nikaweka kiganja, nikakiacha hapo kwa raha maana upepo ulikuwa mkali. Kutoka kwenye nyufa mvuke mwepesi ulitoka. Tulifika ukingo wa kasoko kwenye saa kumi na mbili, mbingu za mashariki zikianza kupauka, na kiongozi akatuamuru tukae chini kabla ya kutazama. Ni amri nzuri. Ukingo ni mwembamba, upande mmoja ni kule tulikotoka, upande wa pili ni shimo lenye kuta wima.

Chini sakafuni kulikuwa na vichuguu vya lava, kijivu na vyeupe, na kwenye kimoja doa jeusi linalong'aa. Doa lile lilisogea. Lilitoka mdomoni mwa kichuguu, likateleza mkono mmoja hivi, likasimama. Sauti yake ilitufikia baadaye kidogo, ya kitu kinachobubujika ndani ya pipa. Mweka hazina aliuliza kama ni salama. Kiongozi akasema hapa tulipokaa ni salama, leo. Hakuna aliyeuliza la pili.

Jua lilipotoka, kivuli cha mlima kililala magharibi juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, pembe tatu iliyonyooka kilometa na kilometa. Kaskazini ziwa. Mashariki Gelai na Ketumbeine, nyuma yake Kilimanjaro kwa mbali, na Shemeji akafufuka kabisa, akaanza kutuonyesha kwao. Kusini ukavuka Kerimasi kwa macho na kujaribu kuitafuta Engaruka. Nilichoona ni kipande cha kijani chini ya ukuta, kidogo sana, na uwanda mpana wa rangi ya vumbi kukizunguka. Mwalimu alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwonyesha. Uwanda ule wa vumbi ndio uliokuwa shamba. Akautazama kitambo, akasema, "Haya. Maji nusu, mengine nusu." Kwa Mwalimu huo ni ushindi mkubwa, nikauchukua.

Kuteremka sitaki kukueleza kwa urefu. Vidole vya miguu viligonga mbele ya kiatu kwa saa nne, na majivu yaliingia hadi sehemu ambazo sizitaji. Kiongozi wa viatu vya matairi alishuka akipiga soga kwenye simu.

Mama Mchungaji alitupokea na uji wa ulezi. Alituhesabu mmoja mmoja kwa kidole, akaridhika.

Njiani kurudi nilimwomba dereva asimame tena Engaruka, dakika kumi tu. Wenzangu walilalamika, lakini wengi walikuwa wamelala. Nilitembea mpaka pale mfereji wa kijiji unapogawanyika. Palikuwa na mama mmoja amesimama na jembe, mtoto mgongoni, anangoja zamu yake. Nikamsalimu, "Takwenya," akanijibu, "Iko," kisha akaendelea kwa Kiswahili. Alisema maji yanagawanywa kwa zamu, na zamu yake ilikuwa tangu mchana, ila kuna mtu juu amefungulia shambani kwake hajafunga. Amemtuma kijana wake akaangalie. Akitoka huyo atakuja mwingine, akasema, watu wa juu hushiba kwanza.

Nilimuuliza kama kiangazi mto unapungua. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama jua huchoma.

"Unapungua kila mwaka, baba. Wewe ni wa serikali?"

Nilimwambia mimi ni fundi tu, natokea Arusha, tulikwenda kuona mlima. Akauliza mlima una nini, nikamwambia moto. Akasema mlima hauna shida, mlima wameuzoea. Kijana wake akarudi anakimbia, maji yakaja nyuma yake, meusi kwa tope na majani makavu, na yule mama akaniacha hapo hapo akaenda kufungua jaruba lake.

Lami tuliipata giza likiingia. Kilombero tulifika saa tatu usiku. Waliobaki kambini walishuka wenyewe. Sisi wa kileleni tulingoja tushikwe mikono, na Mweka hazina akatangaza mchango wa mwezi ujao kabla mtu hajafika chini.